Safari ya Kiwayu na Ufunguo wa Mama

Murera,
S.L.P. 2216,
Thika.
14 Januari 1996.

Mpendwa ndugu yangu Kimeu,

Habari za siku nyingi? Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi na watoto mkiwa wazima, na kwamba joto la huko Botswana halijawamaliza. Sisi hapa hatujambo. Shemeji yako Muthoka anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la kiwandani. Mutheu amemaliza Kidato cha Nne na sasa analala hadi saa tatu asubuhi kama mbunge. Mimi goti langu linanikumbusha umri kila baridi inapokuja, lakini mkahawa wangu wa Juja unaendelea vizuri. Wanafunzi wamerudi chuoni na wanakula githeri kama watu waliotoka jela.

Barua yako ya Novemba ilifika siku tatu kabla ya Krismasi. Niliisoma mara mbili, ya kwanza kwa mapenzi, ya pili kwa sababu ya mwandiko wako. Mwalimu mzima, Kimeu, na bado unaandika kama kuku aliyekanyaga wino.

Uliuliza habari za Mama. Ulitaka kujua kama bado anadai kurudi Ekalakala, ukaniambia, tena ukapiga mstari chini yake, kwamba nisimpe ufunguo wa nyumba yake hata akilia. Nitakujibu, lakini itabidi univumilie, maana jibu lenyewe limepitia baharini.

Wewe ulikuwa mbali, kwa hivyo acha nikukumbushe hali ilivyokuwa. Mwezi wa Mei Mama alishikwa na malaria akiwa peke yake, akalala siku mbili bila mtu kujua, mpaka binamu yetu Musembi alipopita kuuliza mbona ng'ombe wake analia. Nilikwenda nikamchukua. Nilifunga nyumba yake kwa kufuli na ufunguo nikautia ndani ya mkebe wa sukari kabatini kwangu. Nilijiona nimefanya jambo la maana, na wewe ukanisifu.

Hapa Murera alipewa kila kitu. Ana chumba chake, maji ya bomba mlangoni na redio. Lakini mama yetu unamjua. Wiki ya pili aling'oa maua yangu ya mbele ya nyumba akapanda mbaazi. Maji ya bomba alisema hayana ladha, ni kama kunywa hewa. Na kila jioni aliniuliza swali lile lile, anarudi kwake lini. Siku moja aliniambia kwamba watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na yeye amekuwa mgeni miezi sita na bado hajaonyeshwa jembe liko wapi. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mvua ya Novemba ilipoanza, aliacha kuuliza. Alikuwa akikaa kwenye kibaraza akiitazama mvua ikinyesha kwenye mashamba ya wenyewe, na chakula anakigusa tu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, ndugu yangu, ingawa kwenye barua sikukuandikia.

Sasa, unamkumbuka Abdulnasir, yule anayeuza vipuri vya baiskeli pale Ruiru, ng'ambo ya reli? Mkewe Zahra ni rafiki yangu sana. Kwao ni Faza, huko visiwani ukishapita Lamu, na huenda kila Desemba kumwona mamake. Alipomwona Mama alivyonyong'onyea, alisema twende naye sote, upepo wa bahari humtoa mtu mawazo. Nami nikapiga hesabu zangu kimyakimya. Nilifikiri Mama akiiona bahari, akatembezwa, akala samaki, ataisahau Ekalakala na mawe yake. Nakiri kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nia yangu, wala sikupanda basi kwa ajili ya raha peke yake.

Safari nitaikatiza, maana ni ndefu kuliko karatasi. Tuliondoka baada ya Krismasi, mimi, Mama, Mutheu na Zahra. Muthoka alibaki na kuku. Tulilala Mombasa, tukalala Malindi, na kutoka hapo mabasi yakaenda pamoja na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi wa barabarani. Mama alikaa dirishani njia nzima akikagua mahindi ya watu. Aliniambia watu wa Pwani hawajui kupalilia.

Faza tulipokewa kama mabibi harusi. Nyumba ya kina Zahra ina ua wa mchanga mweupe unaofagiliwa kila asubuhi, na mamake, ingawa ni mgonjwa wa miguu, alitoka kwa magongo kutulaki. Tulikula samaki mpaka Mutheu akasema anaota mapezi. Mama na yule bibi hawakuwa na lugha moja nzuri, Kikamba huku na Kibajuni kule, lakini walikaa pamoja wakisuka, mmoja ukili wake, mwingine kiondo chake, na kila mmoja akiukagua mkono wa mwenziwe.

Bahari yenyewe Mama aliiona vizuri asubuhi ya pili. Nilitegemea atashangaa. Aliinama, akachovya kidole, akaonja, akatema. Akauliza kama yote ni hivyo. Nilipomwambia ndiyo, alitikisa kichwa akasema ni hasara kubwa.

Siku ya nne kakake Zahra, anayeitwa Sele, alijitolea kutupeleka Kiwayu kwa boti yake ya injini. Kimeu, laiti ungepaona. Ni kisiwa kirefu chembamba kama mshipi. Upande mmoja ni mkono wa bahari uliotulia, wenye mikoko, na upande wa pili ni bahari kuu inayokuja moja kwa moja bila kizuizi. Katikati kuna vilima vya mchanga. Zahra alibaki kumhudumia mamake, kwa hivyo tulikuwa watatu tu, watu wa bara watupu, na Sele.

Alitushusha upande wa mikoko saa mbili asubuhi, mahali pasipo na nyumba hata moja. Alinieleza mimi, mimi mwenyewe, mambo mawili. Kwanza, maji yatatoka na ule mkono wa bahari utabaki tope, na wenyewe huchelewa kujaa, kwa hivyo boti haitaweza kurudi kabla ya saa kumi. Pili, upande wa bahari kuu maji yatakapoanza kujaa yatapanda mpaka karibu na vilima, tusiache kitu chini. Kijiji kilikuwa mwendo wa saa mbili na zaidi kwa miguu. Nikamwambia nimeelewa, aende tu na kazi zake. Unajua ninavyopenda kuonekana nimeelewa.

Tulivuka vilima na vikapu vyetu na jerikeni mbili za maji ya kunywa. Tulipofika juu, nilisimama. Ufuo ulikuwa mpana kuliko uwanja wa mpira wa Thika, hakuna mtu, hakuna alama ya mguu isipokuwa za kaa. Moyo wangu ulifunguka. Nilikuwa sijui kwamba nilikuwa nimechoka mpaka dakika ile.

Mutheu alikuwa amepewa miwani ya kuogelea, akaenda kutazama samaki kwenye mabwawa yaliyoachwa na maji kati ya mawe. Kila baada ya dakika anatuita, ameona wa manjano, ameona wa mistari kama punda milia. Kisha akagundua kwamba ukiketi juu ya gunia la plastiki unaweza kuteremka kilima cha mchanga mbio. Mimi nilikataa kwa sababu ya goti. Mama, miaka sabini na mmoja, alifunga leso kiunoni akateremka mara tatu. Mara ya tatu alifika chini akiwa amelala chali, na tulidhani ameumia, kumbe anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Mei.

Sasa sikiliza kosa letu. Unajua desturi ya kwetu. Ukienda mtoni Ekalakala na maji yako ya kunywa, unaizika jerikeni kwenye mchanga mbichi hadi shingoni, na jua likiwaka namna gani maji hubaki baridi. Mama alifanya vivyo hivyo. Alitembea mpaka alipopata mchanga ulio na unyevu mzuri, mbali kule chini, akazika jerikeni zote mbili. Moja ilikuwa na kifuniko, nyingine ilizibwa kwa gunzi la mahindi. Mimi nilimwona. Nikasema moyoni, huyu mama ana akili. Maneno ya Sele hayakunijia hata kidogo. Kwetu mto ukishakauka hukaa umekauka mpaka mvua inyeshe; nani kati yetu aliyewahi kuona maji yanayotoka asubuhi na kurudi mchana?

Nami nilikuwa na shughuli, maana nilikuwa nimeingia baharini. Naam, dada yako. Nilianza kwa vifundo, nikafika magotini, na Mutheu akinichekelea, "Mum, mbona unashika gauni hivyo, ni maji tu." Nikaliachia gauni. Lilikuja wimbi moja likaniangusha, likanigeuza kama chapati, nikameza maji ya chumvi ya kutosha kupikia ugali wa wiki. Nilitoka nikikohoa, nikatapika, nikatapika tena. Nilijilaza chini ya leso tuliyokuwa tumetundika kwenye vijiti, na kulala nikalala.

Nilipoamka ilikuwa saa saba na nusu. Kichwa kilikuwa kinagonga na ulimi umenikauka. Nikaomba maji. Mutheu alienda kuyachukua na hakuyapata. Ufuo wote ule mpana ulikuwa umebaki ukanda, na mahali zilipozikwa jerikeni palikuwa na mawimbi. Ile yenye kifuniko tuliiona ikielea mbali kule, inakwenda zake. Ile ya gunzi ilisukumwa ufuoni, gunzi limetoka, ndani kumejaa chumvi.

Kimeu, hapa ndipo pananipa taabu kuandika. Nilikuwa naumwa, nilikuwa na hofu, na nilijua vizuri ni nani aliyeonywa. Lakini nilimgeukia Mama mbele ya mjukuu wake nikamwambia, "Unaona sasa? Hii ndiyo sababu hatuwezi kukuacha ukae peke yako."

Alinitazama tu, si kwa hasira. Kisha akachukua sahani moja ya bati kwenye kikapu, akatupa mgongo, akapanda kilima akapotelea upande wa pili. Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno ni hivyo hivyo. Nilibaki nimelala pale, nikijua nimesema uongo na siwezi kuinuka kumfuata. Nilikuwa natapika sasa bila kitu cha kutapika. Mutheu alitaka kukimbia kijijini, nikamkataza, jua lile lingemwangusha njiani. Nikamtuma amfuate susu yake, akaondoka na sufuria yetu tupu.

Yaliyofuata sikuyaona, nilisimuliwa na Mutheu. Alimkuta Mama amepiga magoti karibu na mikoko, anachimba kwa sahani. Shimo lile lilitoa maji, Mama akaonja, akatema, akalifukia. Alisimama akatazama huku na huku kwa muda. Mutheu anasema alikuwa akitazama majani. Kisha akaenda kwenye bonde dogo katikati ya vilima viwili, mbali na bahari zote mbili, mahali penye nyasi za kijani kibichi na njiwa wawili chini. Hapo akaanza upya. Mutheu alipotaka kumsaidia kuchimba kwenda chini zaidi, alimpiga kofi dogo la mkono. Alimwambia maji matamu hukaa juu na ya chumvi hukaa chini, ukiwa mroho unayachanganya. Walichimba kiasi cha mkono hadi begani tu. Maji yalikuja polepole, machafu. Mama aliyateka akayamwaga, akangoja. Akayamwaga tena, akangoja. Mara ya tatu aliyachuja kwa leso.

Mimi nilichoona ni Mama akiteremka kilima amebeba sufuria yetu ya mchuzi kwa mikono miwili, anatembea kama mtu aliyebeba mtoto. Nywele zake zimejaa mchanga. Mutheu yuko nyuma yake amefungua mdomo kwa kustaajabu, anasema, "Susu ni mnoma. Mum, susu ni mnoma kabisa." Mama alipiga magoti, akaninyanyua kichwa, akaweka sufuria mdomoni kwangu.

"Kunywa," alisema. "Ukimaliza, utaniambia narudi kwangu lini."

Nilikunywa. Yalikuwa na uvuguvugu na chumvi kidogo, na nikayatambua. Ni ladha ile ile ya kisima chetu cha mtoni wakati wa kiangazi, ile uliyokuwa ukiilalamikia ulipokuwa mdogo. Nililia, Kimeu. Nililia na maji mdomoni, nikapaliwa, na Mama akanipiga mgongoni kama alivyokuwa akinipiga nikiwa na miaka mitano.

Sikumjibu kwa maneno mazuri. Nilimwambia tu kwamba Sele alinionya mimi, na mimi ndiye niliyesahau. Akasema anajua. Alimsikia Sele akiniambia, ila na yeye hakuamini kwamba maji yanaweza kurudi mahali palipokauka hivyo. Tukatazamana, tukaanza kucheka, wajinga wawili wa Ekalakala, mpaka Mutheu akaona haya kwa niaba yetu.

Saa zilizobaki zilikuwa tamu kuliko zote. Tulihamia kwenye lile bonde kando ya kisima chetu, tukala chapati na samaki mkavu bila hofu ya kiu. Mama alimfundisha Mutheu kutazama mchanga, wapi una uzito na wapi unadanganya. Sele alifika saa kumi na moja, amechelewa kwa sababu ya injini. Alipoona kisima alichutama, akaonja, akauliza nani amechimba. Akasema wazee wao pia huchimba hivyo katikati ya vilima, lakini yeye mwenyewe hakujua kama mahali pale pana maji. Alimwamkia Mama upya, shikamoo kamili, na kumshika mkono hadi botini. Habari zilifika Faza kabla hatujavua viatu, na mamake Zahra akamwita Mama aketi kwenye kiti chake.

Tulirudi Murera tarehe tano. Jioni ile ile nilifungua kabati, nikamwaga sukari kwenye sinia, nikatoa ufunguo. Nilimpa bila hotuba. Aliulamba kwanza kutoa sukari, kisha akaufunga kwenye pindo la leso yake, akaenda kulala.

Najua utakasirika, na una haki. Kwa hivyo nisome mpaka mwisho. Hatakaa peke yake kabisa. Musembi yupo ng'ambo ya kilima, na binti yake mkubwa atakuwa akilala kwa Mama kila siku. Mama amekubali, kwa sharti kwamba msichana asimpikie. Mimi nitakwenda Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, mkahawa nitamwachia Mutheu, imuume kuamka. Na akiumwa atarudi hapa mpaka apone, hilo ameapa mbele ya Muthoka. Malaria inaweza kumpata tena, silikatai hilo. Lakini niliiona ile hali ya kibarazani mwezi wa Novemba, na nakwambia, Kimeu, ile nayo ilikuwa inamuua, tena mimi ndiye niliyekuwa nimeufunga mlango.

Nilimpeleka juzi Ijumaa. Mchwa wamekula nusu ya mlango wa jikoni na paa linahitaji bati mbili. Alizunguka nyumba akitukana mchwa kwa sauti kubwa, na nilijua amepona. Kabla sijaondoka alinipeleka mtoni kunionyesha mahali atakapochimba. Zile mbaazi alizopanda kwenye maua yangu zimechanua sasa. Nimeziacha.

Muthoka anakusalimu na anauliza kama kweli huko ng'ombe ni wengi kuliko watu. Mutheu anakusalimu, anasema anataka kusomea mambo ya maji, nami namngoja kwanza aamke kabla ya saa tatu. Zahra na Abdulnasir wanakusalimu pia. Mpe wifi mkono wangu na uwabusu watoto. Mungu awalinde mnakolala na mnakoamkia, na awajalie maji matamu popote mtakapochimba.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukinikasirikia,

Kamene.

Tena: Nilimwuliza Mama nikuandikie nini kwa niaba yake. Akasema nikuambie barua zake usizitume tena Murera. Yeye hakai huku.